Sululu wa Kona ya Jaruba

Ndege wa kwanza niliyempiga picha kwa kukusudia alikuwa yangeyange aliyesimama juu ya mgongo wa ng'ombe, nje kidogo ya Bariadi, na nilimpenda kwa sababu hakuniomba nimng'arishe uso. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa mpiga picha wa harusi pale mjini. Nilikuwa nimechoka na watu. Kila niliyempiga alikuja mbio kuchungulia kwenye kioo cha kamera. "Mbona umeninenepesha?" "Huyu mweusi hivi ndiyo mimi?" Bibi harusi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama inawezekana kumtoa mama mkwe kwenye picha zote bila mtu kujua. Yangeyange alijisimamia zake, akajikuna shingo kwa ukucha, alipochoka akaruka. Nikajisemea, hawa ndio wateja wangu.

Kabla ya harusi nilikuwa nimepakia marobota ya pamba Lalago, nimeosha magari ya watalii, nimeuza vocha, na nimechunga ng'ombe wa mtu kule Kimali mpaka mwenyewe alipogundua kwamba nawatazama tai kuliko ndama. Shule niliiacha mapema, na nadhani mwalimu wangu alipumua siku ile kuliko mimi, maana nilikuwa namuuliza kila kitu isipokuwa kilichoandikwa ubaoni. Sijawahi kukaa mahali hadi watu wakazoea sauti yangu. Basi nilipoachana na harusi, mwajiri wangu alinikubalia nilipwe kwa kamera yake ya zamani, yenye lenzi ndefu iliyofungwa kwa gundi ya bomba, nikaondoka nayo kuelekea kwenye majaruba ya mpunga.

Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Nilishuka kijiji kimoja upande wa kuelekea Maswa, nikafuata kingo za majaruba, na wa kwanza kukutana naye alikuwa mwanaume wa makamo, mrefu, kombeo mkononi, na mtoto mchanga mgongoni amefungwa kwa kitenge cha maua makubwa. Alikuwa anaamia ndege. Aliliachia jiwe, likavuma, kundi la kwelea likainuka kama vumbi na kwenda kutua kwa jirani.

"Mwangaluka," nikamsalimu.

"Mwangaluka." Akaitazama kamera. "Hiyo ya nini?"

"Nawapiga picha ndege."

"Mimi nawapiga mawe. Tutaelewana kweli?"

Tulielewana. Aliniambia jaruba lake la chini lina kona ambayo maji hayakauki haraka, mpunga wake ni mwembamba, umechanganyika na magugu, na yeye hana habari na kona ile. Nikae huko na ndege zangu, mradi nisiwaalike wa mbali. Usiku huo nililala kwenye chumba chake cha kuwekea majembe. Nilikuwa nimepanga kukaa siku mbili.

Lazima niseme juu ya nyumba ile, maana bila hivyo hakuna kitakachoeleweka. Mke wake alikuwa mfanyabiashara wa minada. Alikuwa na vitenge, ndala na masufuria, na kila siku ya mnada gari lilimpitia kabla jua halijachomoza: leo Shishiyu, kesho kutwa Lalago, wiki ijayo huko Meatu. Aliporudi alikuwa amevaa vizuri kuliko alivyoondoka, kwa sababu alisema mteja hawezi kununua kitenge kwa mtu aliyechakaa. Mume alibaki na watoto, kuku, na mpunga. Alipika, alifua, alimbeba huyo mdogo mgongoni kutwa nzima. Nilimwita kaka, na mkewe nilimwita shemeji, jambo lililotupa ruhusa mimi na yeye kutaniana bila mipaka.

Wanaume wa kijiji nao walijipa ruhusa yao. Wakipita barabarani: "Mama mdogo, mboga imeiva?"

"Imeiva," anajibu bila kuinua kichwa. "Njoo ule, maana kwako mke yupo na bado mnakula ugali mbichi."

Alikuwa mwepesi wa kujibu hivyo. Lakini nilimwona mara moja baada ya wao kupita, akikaza fundo la kitenge ambalo halikuwa limelegea.

Ndege wa habari hii nilimwona asubuhi ya pili. Nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia niliyoyaning'iniza kwenye vijiti, na kwenye magugu ya kona ile akatoka ndege wa kimo cha kifaranga aliyekua, mdomo mrefu umepinda kidogo, shingo ya rangi ya kahawa iliyokolea, na duara jeupe kuzunguka jicho, kana kwamba amevaa miwani ya kwenda kanisani. Kutoka begani kulishuka mkanda mweupe. Alitembea akitingisha makalio. Nyuma yake, ndani ya nyasi, kulikuwa na mwingine wa rangi ya majani makavu, madoadoa ya manjano mgongoni, ambaye ningemkanyaga kama asingepepesa jicho. Huyo alikuwa amekaa. Alipoinuka kidogo kujigeuza nikaona mayai manne chini yake, ya rangi ya udongo wenye madoa meusi.

Nani angehitaji kuuliza? Jogoo anang'aa, tetea anafifia, kila mtoto aliyekulia kwenye mji wenye kuku anajua. Nikaamua palepale: yule mrembo ndiye bwana, na huyu aliyekaa ni bibi. Nikapiga picha mpaka betri ikaisha. Jioni nikaipeleka kamera kuchajiwa kwa kinyozi pale senta, na wanaume waliokuwa wanasubiri kunyolewa wakazitazama picha moja moja.

"Unaona?" akasema mmoja, mwenye kifua kipana na sauti ya kuongelea mbali. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha kuvuna cha kijiji, na jaruba lake lilipakana na la mwenyeji wangu. "Mke amekaa kwenye mayai. Bwana anatembea, anapendeza. Hata ndege wanajua kuishi. Kamwonyeshe huyo mama mdogo wako."

Nilimwonyesha, lakini sikumwambia kilichosemwa.

Nilikuwa na rafiki, dereva wa watalii upande wa Serengeti, tuliyejuana wakati naosha magari. Ana kitabu cha ndege chenye picha na huwa anajisikia sana kwa ajili ya kitabu hicho. Nikamtumia picha kwa simu, nikaandika kwa majivuno: Bwana na bibi, jina lao nani? Jibu likaja kwa sauti, na nusu yake ilikuwa kicheko. "Mdogo wangu, umewabadilishia nguo! Hao ni sululu. Huyo aliyependeza ndiye mke. Akishataga anaaga, anakwenda kutafuta mume mwingine, na huko nako anataga. Huyo wa rangi ya majani ndiye baba. Yeye ndiye anaatamia, yeye ndiye analea. Kama wiki tatu hivi anakaa hapo peke yake. Hahaha! Umemwita bibi!"

Kosa langu lilikuwa kuusikiliza ujumbe ule nikiwa kisimani, simu ikiwa kwenye sauti kubwa. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakasimama. Mmoja akaweka ndoo chini.

"Rudisha hapo," akasema. "Hapo pa mke kuaga."

Nikarudisha. Wakasikiliza mara ya pili, na ya tatu. Kabla ya giza habari ilikuwa imefika kila jiko. Siku zilizofuata kijiji hakikukalika. Mume akiuliza maji ya kuoga yako wapi, anaambiwa sululu hasubiri kupelekewa maji. Mtoto akilia, baba akamwita mama yake, mama anauliza kwa upole, "Mbona ndege kaweza?" Mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniambia amekaa na mke wake tangu enzi za mkoloni wa mwisho kuondoka, hajawahi kuulizwa alivyolea, na jana kaulizwa. Akanishauri nipige picha za mandhari.

Na mwenyeji wangu akapata jina jipya. Sasa hawakumwita tena mama mdogo. Walimwita Sululu.

Nilitegemea jibu lake la haraka. Halikuja. Alfajiri nikamkuta amechuchumaa nyuma ya magunia yangu, mtoto amelala mgongoni, anatazama kwenye nyasi. Yule baba alikuwa amekaa juu ya mayai yake, umande umemjaa mgongoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu:

"Kumbe kuna mwingine."

Baadaye tukiwa tunarudi akasimama juu ya ukingo. "Hayo mayai yataanguliwa," akasema. "Hapa kwangu yataanguliwa."

Ilikuwa rahisi kusema, ila mpunga ulikuwa umeiva.

Pale kijijini huvuna kwa zamu. Kikundi kizima, wanaume kwa wanawake, wanashuka kwa mtu mmoja na mundu, wanamaliza, mwenye jaruba anawapikia, kesho wako kwa mwingine. Kina masharti yake, na sharti wanalolishika kuliko yote ni kutoacha shina limesimama. Jaruba likibaki na kishungi, watu wa vijiji vingine watapita waseme kikundi kile kimechoka katikati ya kazi. Basi hukata mpaka udongo uonekane. Mwenye jaruba akiwazuia mundu, wanapita, wanakwenda kwa anayefuata, na yeye anarudi mwisho wa mstari. Mwaka ule kurudi mwisho wa mstari ilikuwa ni kuwapa kwelea mpunga. Tayari walishaonekana upande wa Shishiyu wakitembea angani kama moshi, na kundi kama lile halifukuzwi na kombeo la mtu mmoja.

Zamu ya mwenyeji wangu ilikuwa karibu mno. Tulihesabu na yule dereva kwa simu: hatukujua ndege ameanza lini kuatamia, kwa hiyo mayai yangeweza kupasuka kesho au wiki mbili zijazo. Ama kona ile ibaki na nyasi zake, ama mayai yale yageuke chakula cha kenge mchana kweupe.

Mkewe alirudi kutoka mnadani jioni, amevaa kitenge kipya cha rangi ya machungwa, akakuta nyumba imenyamaza. Akaelezwa. Akatua mzigo wake polepole.

"Mpunga wa watoto mwaka mzima, kwa mayai manne?"

Mume aliendelea kukoroga uji.

Akanigeukia mimi. "Shemeji, hili ni lako?"

"Mimi nilipiga picha tu."

"Wewe kila kitu unapiga picha tu. Siku nyumba ikiungua utasimama hapo nje unasema geuka kidogo."

Asubuhi akaniamuru nimpeleke akamwone huyo aliyemvurugia nyumba. Alitazama kwenye lenzi kwa jicho moja, la pili amelifunika kwa kiganja. Alitazama sana kuliko nilivyotarajia.

"Na mke wake yuko wapi sasa?"

"Huenda ameshapata mume mwingine."

"Mimi naenda mnadani na narudi."

"Hakuna aliyesema vingine, shemeji."

"Wewe hukusema. Kijiji kizima kimesema." Akajifuta vidole kwenye kitenge. "Unadhani Lalago sikuulizwa? Mteja ananunua sufuria, ananiuliza mume wangu anaatamia mangapi."

Sikujua habari ya ndege wangu ilikuwa imefika mnadani. Nilitaka kucheka, nikamtazama, nikaacha. Tuliporudi alimwambia mumewe jambo moja tu. "Utaongea na kikundi wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea, nisije nikaambiwa ndimi niliyekuvalisha suruali."

Kikundi kilikuja na jua. Walianzia chini, kama kawaida yao, ili mizigo ipandishwe juu kwenye mkokoteni wa ng'ombe huku wakisogea nayo. Wakasimama kwenye kona ile ile. Mwenyeji wangu alikuwa amewatangulia, amesimama juu ya ukingo, mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa kwenye magunia yangu, na nilisikia kila neno.

"Naomba hapa mzunguke," akasema.

Wakacheka kwanza, maana walidhani ni utani.

"Tuzunguke nini?" akauliza kiongozi.

"Kiota."

"Bebe!" Kiongozi akamaka kwa Kisukuma, akageukia watu wake. "Mnamsikia huyu? Sululu anamwombea sululu."

"Ndiyo," akasema mwenyeji wangu. "Namwombea."

Mtu akikubali tusi lake namna ile, hujui ulipeleke wapi. Wanawake wa kikundi walikuwa wamesimama upande mmoja, mundu begani, na mmoja wao akasema si kazi kubwa, kona yenyewe haitoi hata debe. Kijana wa upande wa pili akasema leo kona, kesho mtu atataka tuzunguke panya. Wakaanza kubishana. Mwingine akakumbusha kwamba aliyefuata kwenye zamu yuko tayari na chakula chake kimeshainjikwa, tusipoteze asubuhi. Huko juu mpunga wote wa nyumba ile ulikuwa umesimama, umeinamisha vichwa kwa uzito, na niliona mwenyeji wangu anautazama. Mke wake alikuwa karibu na sufuria za chakula chini ya kivuli cha mkokoteni, mikono kiunoni. Hakusema kitu, kama alivyoahidi. Nadhani haikuwa rahisi kwake.

Kiongozi akainua mkono. "Sikilizeni. Ndege ni ndege. Hakuna ndege anayekaa mtu mzima akimsimamia na mundu. Mimi nitaingia, nitasimama juu yake. Akiruka, basi na yeye ameshahama, tunakata mpaka udongo. Asiporuka, tunazunguka, na atakayesema kikundi kimechoka aje aniambie mimi."

"Usimguse," akasema mwenyeji wangu.

"Simgusi. Nasimama tu."

"Wala usipige kelele."

"Unaniwekea masharti ya kumtembelea? Nibishe hodi?"

"Ukibisha itakuwa heshima."

Watu wakacheka tena, ila macho yote yalikuwa kwenye nyasi. Mimi niliweka jicho kwenye kamera. Nilijua ndege wa majaruba. Kwarara angekuwa ameshafika Bariadi. Yangeyange vilevile. Nilijua mwenyeji wangu amekubali dau ambalo mtu mwenye akili asingekubali, na kwamba hakuwa na jingine.

Kiongozi akaingia. Tope lilimfika kwenye kifundo cha mguu, na kila hatua ilitoa sauti ya kunyonya. Ndege alijibana chini. Nilimwona kwenye lenzi akilaza shingo mpaka kidevu kikagusa ukingo wa kiota, jicho limefunguka lote. Hatua nyingine. Kivuli cha mtu kikamfunika. Sasa kiongozi alikuwa juu yake, lakini hakumwona, maana rangi ile ya majani makavu ilikuwa inafanya kazi yake. Akainama kutafuta.

"Mbona hayupo?" akasema. "Ameshaondoka zamani, huyu mwenzenu anaombea nya..."

Yule ndege alifunguka. Sina neno jingine. Mabawa yake mawili yalitanuka mbele kama feni, mkia ukasimama, na kila unyoya ulikuwa na doa la manjano la mviringo, kama macho mengi yametoka ardhini kwa pamoja. Na akafoka. Ilitoka sauti ya moto uliomwagiwa maji.

"Nyoka!" akapiga kelele kiongozi, akaruka nyuma, mguu mmoja ukabaki kwenye tope, akakaa. Alikaa kwa uzito wake wote. Tope likaruka mpaka kwenye magunia yangu.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kuna mama alilazwa chini na kicheko, mundu umetupwa pembeni, anapiga ardhi kwa kiganja. Mke wa kiongozi mwenyewe alikuwa ameshika mabega ya mwenzake asianguke. Na huko kwenye mkokoteni shemeji yangu, aliyekuwa ameahidi kutosema, hakusema kitu, ila alicheka mpaka kilemba kikamvuka.

Mwenyeji wangu tu ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama. Ndege alikunja bawa moja, akakunja la pili, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akayapata mayai yake yote chini ya tumbo, akatulia.

Kiongozi akainuka. Suruali yake ilikuwa nyeusi nyuma tangu kiuno mpaka magotini. Akauokota mundu, akaupangusa kwenye majani, akatoka hadi kwenye ukingo, na nilimheshimu siku ile kwa sababu sura yake ilikuwa nzito kama ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani.

"Hajaruka," akasema. "Zungukeni."

Wakazunguka. Walivuna siku nzima, wakiimba wimbo ambao maneno yake yalitungwa palepale na ambayo sitayaandika, kwa sababu kiongozi yule bado ananisalimia. Jioni lilibaki jaruba jeupe, safi, na kishungi kimoja cha nyasi na mpunga mwembamba kwenye kona, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa nusu akakimbia.

Picha zangu? Nilibonyeza bila kuacha tangu mwanzo hadi mwisho. Ila lenzi ile ya gundi ilikuwa imeshika kitu kikubwa kilicho karibu, ikang'ang'ania. Nina mfululizo mzuri kabisa wa makalio ya suruali yakishuka kwenye tope. Ndege ni ukungu kwa nyuma. Wanawake wameniomba niisafishe picha moja kubwa ya kutundika kwa kinyozi. Bado nafikiria.

Kwelea walipita baada ya hapo. Wakakuta majaruba mengi yamevunwa, wakapanda kuelekea kwingine, isipokuwa kikundi kidogo kilichoona kile kishungi kimesimama peke yake na kudhani wameandaliwa. Mwenyeji wangu hakuweza kutumia kombeo, asije akamtia baba wa watu jiwe. Basi alishinda kwenye ukingo anapunga kitenge kimyakimya, kama mtu anayeaga gari, akilinda mpunga usiojaza kikapu. Mkewe alikaa naye. Alisema gari la mnadani limeharibika. Mimi nililisikia likipiga honi barabarani, nikamtazama, akaniambia, "Shemeji, angalia ndege zako."

Kisha asubuhi moja nikasikia naitwa kwa sauti iliyovunjika. Nilikimbia. Kiota kilikuwa kitupu. Vipande vya maganda vilikuwa vimetawanyika kwenye matope, na ndege hakuwapo.

"Kenge," akasema mwenyeji wangu. Alikuwa amepiga magoti. Aligeuza ganda moja kwa kidole. "Nilikwenda kunywa uji tu. Nilikwenda kunywa uji."

Mimi sikujua ganda la kuanguliwa linafananaje na ganda la kuliwa. Nilishasoma mengi kwenye simu juu ya sululu, lakini hilo hapana. Mke wake akachuchumaa, akamwekea mkono mgongoni, pale juu ya mtoto, na hakuna aliyetania.

Ndipo tukasikia kelele upande wa pili wa ukingo. Kikundi siku ile kilikuwa kwa kiongozi mwenyewe, kwenye jaruba linalopakana. Walikuwa wameshakata nusu. Na mke wa kiongozi alikuwa amesimama katikati ya mpunga, mikono juu.

"Simameni! Simameni wote! Yuko huku! Amekuja na watoto!"

Tulipanda ukingo. Kwenye kijia kati ya mashina alikuwa anatembea yule baba, hatua mbili, anasimama, anageuka, na nyuma yake walikuwa vifaranga vinne vya rangi ya kahawia vyenye mistari mgongoni, vidogo kama maganda ya karanga yenye miguu. Kimoja kilianguka kwenye alama ya kiatu, kikahangaika, kikatoka. Mwenyeji wangu alitoa sauti ambayo sijui niiandikeje.

Kiongozi alikuwa mbele ya mstari, mundu umesimama hewani. Nyuma yake watu walikuwa wameshika mpunga mikononi, hawajui wakate au waachie. Jua lilikuwa linapanda, na chakula kilikuwa kinapoa.

"Kiongozi," akaita mwenyeji wangu kutoka ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu jina lile lianze nikasikia utani wake umerudi, "mbona kikundi kimesimama? Kimechoka?"

Kiongozi hakugeuka. Alikuwa ameinama, anatazama chini ya miguu yake mwenyewe, na alikuwa amenyanyua kisigino kimoja asijue akiweke wapi.

"Nyamaza wewe," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Watoto wanapita."